Banda la Majani na Banda la Dawa

Tangu mume wa mama mmoja mfuga kuku ahudhurie semina ya siku moja ya lishe ya kuku, nyumba haikukalika. Aliondoka fundi saa, akarudi mtaalamu. Dada zake walimbandika jina la Profesa kwa kumcheka, naye, masikini, akaitika.

"Kemikali basi, mama watoto," alitangaza huku akitwanga vitunguu saumu, mbegu za papai na majani ya mwarobaini. "Minyoo, kuhara damu, vyote tunavimaliza kwa majani ndani ya chakula."

"Hicho kinu changu cha bizari," mkewe alisema. "Mchuzi wa jana ulikuwa mchungu kama shubiri."

Kuku wa nyama walikuwa wa mke. Alianza na vifaranga vichache wakati mume huyo huyo akimcheka, na sasa ndio waliosomesha watoto. Lakini Profesa hakukoma kusema. Mwishowe mama akakubali wapimane: banda likatwe kati kwa mbao, huku majani, huku dawa ya dukani. Njia itakayoshinda, mwenyewe atashika ufunguo wa banda, na mwenzake afunge mdomo. Walipeana mikono mbele ya mawifi.

Haikupita wiki, kuku wa Profesa wakaanza kujikunyata na kuhara damu.

"Wanasafisha matumbo," alisema, jasho likimtoka.

Kisha wakapona ghafla, na pakiti ya dawa ya mama ikawa inapungua rafuni. Asubuhi moja mama akachungulia kwenye ufa wa mbao. Lo! Profesa mzima, anamimina dawa ya mkewe kwenye vyombo vya maji vya kuku wa majani, shingo ikizunguka kama ya mwizi wa nyama jikoni. Mama alitaka kupiga yowe, akajizuia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Angemuumbua siku ya kuuza, mawifi wakishuhudia.

Tatizo, Profesa aliibeba kwake dawa yote iliyobaki, na duka la mifugo nalo halikuwa nayo. Kuku wake wakaanza kulegea. Afanyeje? Alichota majani kwenye ndoo ya mumewe kwa hasira, akachanganya kwenye chakula kwa hasira, na kwa kuwa hakuyaamini hata chembe, akawa anatoa maranda ya mbao yaliyolowa sakafuni kila siku na kutandika makavu. Wakachangamka. Ni majani au ni maranda? Mungu ndiye ajuaye.

Siku ya kuuza akaja mpishi wa chekechea na tenga lake.

"Nataka wasiokunywa dawa. Ni wa watoto, nachinja kesho."

"Umefika!" Profesa akadaka jogoo mnene. "Majani matupu!"

Mama akapiga hatua mbele, kisha akasita. Dawa ya juzi bado imo mwilini mwa yule jogoo. Muuzaji wa dawa alishawaonya wasubiri siku kadhaa kabla ya kuchinja. Akisema, ataulizwa na wa kwake wamekula nini, na hapo banda lake linakwenda. Banda lake! Aliumia mpaka machozi yakamlenga.

"Muweke chini huyo," alisema. "Juzi umewanywesha dawa yangu. Nilikuona."

"Makubwa!" mawifi wakadakia.

Mpishi akainua tenga. "Basi kwaherini. Wako ndio wa dawa kabisa."

"Wangu..." Aliushika ufunguo uliomning'inia shingoni. "Wangu wamekula majani yake. Tangu aliponiibia dawa yote, majani tu. Na unawaona walivyo."

Mpishi akatua tenga. Mama akauvua ufunguo, akamnyooshea mumewe, akisubiri hotuba.

Badala yake, Profesa alimwachia jogoo, akaenda kwenye mbao, akawatazama kuku wa mkewe.

"Kwa hiyo yanafanya kazi kweli?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Mama alimkodolea macho. Yaani mtu huyu amemvurugia nyumba nzima kwa kitu ambacho hata yeye hakukiamini!

"Shika ufunguo," alisema kwa ukali.

Profesa akaficha mikono nyuma. "Kaa nao, mama watoto. Wangu walikuwa wanakufa, nikaogopa utanicheka."