Siku Tuliyovuka Lukwangule

Dada yangu Margareth alipojifungua, habari ilitufikia kwa simu ya jirani, sauti inakatikakatika kama mtu anayeongea huku anatafuna. Mtoto wa kike. Mzima. Mama alikaa palepale kwenye tuta la kabichi, akacheka mpaka akajifunika uso kwa kanga. Dada ameolewa upande wa pili wa mlima, juu ya Singisa, na kwa miaka mingi tulikuwa tumeacha kumuuliza habari za mtoto.

Halafu ikaja simu nyingine. Kitovu kimedondoka, kesho mtoto anatolewa nje.

Katika ukoo wetu mtoto wa kwanza havuki mlango mpaka abebwe na ndugu wa kike wa mama yake. Kama hakutokea mtu, mashangazi wa upande wa baba wanambeba kabla jua halijazama, wala hakuna wa kuwalaumu. Lakini haisahauliki. Mama yetu mkubwa mmoja alitolewa na mashangazi, na mpaka leo ana wajukuu, kila penye sherehe watani wanamuuliza kama ndugu zake walishaonekana. Margareth alilia kwenye simu. Aliniambia, "Anastasia, njoo wewe. Nisiaibike na mtoto niliyemsubiri hivi."

Barabara ya kuzunguka kwa chini ilikuwa imekatwa na mvua. Ilibaki njia ya juu, kuvuka Lukwangule. Tangu nazaliwa nimeuangalia mgongo wa mlima ule nikiwa shambani napalilia njegere, na sikuwahi kuukanyaga. Mama ana goti bovu. Nikasema nitakwenda mimi, na nilivyolisema nikajisikia kama nimeambiwa kesho ni sikukuu.

Wa kunipeleka alikuwa Wilfred, binamu yangu, mtoto wa mjomba. Yeye yumo kwenye kamati ya mazingira ya kijiji, hupanda na watu wa misitu kwenye doria, na ndiye aliyetuombea ruhusa ya kupita. Binamu kwetu ni mtani. Alfajiri alinikuta mlangoni nimeshafunga mzigo, akanitazama miguu, akasema mlima umekosa nini mpaka uletewe miguu kama hiyo. Nikamjibu kwamba mlima umeshazoea mabaya, maana umemzoea yeye. Mama akatuambia tutangulize safari, matusi yatatufuata.

Tulipita mashamba, tukaingia msituni. Giza la kijani, maji yanadondoka hata pasipo mvua, miti imeota ndevu. Kwenye mianzi njia ilikuwa tope tupu, nikapanda kwa mikono kama mtoto. Wilfred alikuwa hanyamazi. Alinisimulia habari za kila mti, nusu yake uongo. Mimi nilikuwa nasikiliza huku naangalia mwanga mbele, kwa sababu nilianza kuona kwamba miti inafupika.

Tulipofika mwisho wa msitu akanishika mkono, na sura yake ikabadilika.

"Huku juu mtu hashangai kwa mdomo," alisema. "Ukiona kizuri, ukiona kigeni, meza. Na jina la mtu haliitwi. Likiitwa linachukuliwa, na mwenye jina anapotea."

Nikamwuliza nani analichukua. Akasema hata hilo halisemwi.

Tukatoka kwenye miti.

Sijui nieleze vipi. Nilitegemea kilele, kumbe ni uwanda. Mbuga ya nyasi imetandazwa juu ya mlima, nyasi zimesimama kwa mafungu, kila fungu na kichwa chake, na katikati yake vichaka vifupi vya majani membamba kama sindano, vimejaa maua madogo yanayoning'inia mfano wa kengele, meupe na mengine ya rangi ya waridi. Chini udongo mweusi, unabonyea, unatoa maji ukiukanyaga. Upepo unapita, mbuga nzima inalala na kuinuka. Na anga ile! Sijawahi kuwa mahali ambapo hakuna kitu juu yangu. Kwetu ukiinua macho unakutana na mlima. Nilitaka kupiga kelele, nikauma kanga. Machozi yalinitoka na nilikuwa nacheka. Wilfred akanionyesha kidole mdomoni, lakini niliona na yeye anatabasamu.

Tulitembea kwa haraka. Yeye mbele, mimi nyuma nikikanyaga anapokanyaga. Kosa langu ni kuinama. Kulikuwa na ndege mdogo ndani ya kichaka, kifua chake kinameta, ananyonya ua moja baada ya jingine bila kunijali. Nikamwangalia kidogo tu. Nilipoinua kichwa, ukungu ulikuwa umeshashuka, na Wilfred hayupo.

Nikasimama. Kutembea ovyo kwenye yale maji meusi sikutaka. Nikangoja ukungu upite, ninajua kungoja. Lakini haukupita, na mwanga nyuma yake ukawa unageuka rangi, nikajua jua limeshavuka utosi. Akilini nikamwona Margareth amekaa na mtoto, mashangazi wanatazama kivuli cha nyumba. Jina la Wilfred lilifika kwenye meno, nikalirudisha. Na yeye nilijua haniiti. Afadhali alale huko kuliko aniite.

Ndipo nikafikiri. Kushangaa kumekatazwa. Jina limekatazwa. Utani hakuutaja.

Nikavuta pumzi, nikapaza sauti: "We mwanaume uliyekimbizwa na jogoo wa mkweo mpaka ukapanda darini!"

Upepo. Halafu kutoka kulia, mbali, sauti ikajibu kama imevutwa kwa kamba:

"Jogoo mwenyewe alikuwa na miguu kama yako!"

Nikaelekea huko. Nikamwuliza kama kweli siku ya harusi yake alilia akidhani ni msiba. Akajibu kwamba alilia alipomwona binamu yake amevaa gauni. Tuliendelea hivyo, tusi kwa tusi, kila moja likiwa karibu zaidi, mpaka nikagonga mgongo wake. Alikuwa anatetemeka. Alisema alikuwa anapumzika. Hatukuachana tena, alinishika ncha ya kanga, na kuteremka upande wa pili tulikimbia zaidi ya kutembea, tukiteleza kwa makalio penye mianzi.

Tulipotokea uani, jua lilikuwa limegusa migomba. Shangazi mtu, mama mmoja mrefu anayeitwa Shadia, alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mikononi, mguu mmoja ameshauinua. Nilipiga magoti kwenye tope nikamwamkia shikamoo. Nikasema mimi ni mdogo wake Margareth.

Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Akaurudisha mguu wake ndani.

"Marahaba. Nawa mikono, mwanangu. Upesi."

Ndani Margareth alikuwa amejiinua kitandani, ananitazama. Nikanawa. Nikapewa mtoto. Alikuwa mwepesi na wa moto kama mkate uliotoka kuokwa. Nikavuka naye kizingiti, akakunja uso kwa ule mwanga, akapiga chafya, na wanawake wote uani wakapiga vigelegele.