Baiskeli ya Kwenye Picha

Bi Kengele alikuwa na baiskeli kumi na moja za kale, na mume wake alikuwa na kiti kimoja cha kukalia, nacho kiko kwenye korido. Hakulalamika sana, maskini, alishazoea. Mtaani walimcheka huyu mshonaji mstaafu anayezunguka kwenye stoo za watu akiuliza habari za baiskeli zilizokufa, naye akawaacha wacheke. Mpe baiskeli yoyote aikague dakika tano tu, atakuambia aliyeiendesha alikuwa mtu wa namna gani. Ndiyo, nasema atakuambia!

Ya kumi na mbili aliitafuta miaka tisa. Siku aliyosikia ipo, alisikia na balaa lake: iko kwa mkunga mmoja mzee anayehama, na saa sita mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja kusomba kila kitu. Wakusanyaji wanne walishamtangulia. Wote walitimuliwa.

"Utapoteza muda wako, mama," mtoto wa mkunga alimwambia mlangoni, jibaba la miaka hamsini, jasho tele, boksi kifuani. "Mama yangu haiuzi, haigawi, na hasemi kwa nini. Kwangu haina pa kukaa. Mimi nimenyoosha mikono."

Sebuleni kulibaki kiti kimoja na picha moja ukutani: marehemu mzee wa nyumba hiyo, mrefu ajabu, kavaa suti, mkono juu ya usukani wa baiskeli ileile. Chini ya picha aliketi mkunga, mdogo wa umbo, mgongo wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe umekuja kuulizia baiskeli ya mzee?"

Bi Kengele alifungua mdomo aseme ndiyo, akaufunga. "Naomba niione kwanza."

Ilikuwa uani, imeegemea ukuta. Wale wanne walikuwa wamekimbilia chapa na namba ya fremu. Yeye alichuchumaa nyuma. Kandokando ya madigadi kulikuwa na vitundu vidogo, safu nzima. Wale wanne walisema mzee kaiharibu. Wameharibika macho wao! Bi Kengele alishona magauni miaka thelathini. Vitundu vile vilikuwa vya kupitishia uzi wa kufuma wavu kando ya gurudumu, ili gauni lisinaswe na spoku. Kiti kilikuwa kimeshushwa hadi mwisho. Pedali zilikuwa zimefungwa vipande vya mbao ili mguu mfupi ufike. Akarudi sebuleni, akaitazama tena picha, akamtazama mkunga. Alijua akikosea hapa, baiskeli imekwenda na vyuma chakavu.

"Mama," alisema, "ile si baiskeli ya mzee. Aliyeiendesha ni mwanamke, mfupi, na kila siku alikuwa na haraka. Ni wewe."

Boksi lilimponyoka yule jibaba, vikombe vikalia.

Mkunga alicheka mpaka akajifuta machozi, akamtazama mwanawe. "Jamani! Baba yako aliipanda mara moja tu, siku hiyo ya picha, akaishia mtaroni na suti yake. Mimi ndiye niliyewafuata wajawazito mitaa yote hii, mvua, tope, mkoba wa vifaa kwenye keria. Wewe mwenyewe ulikuwa tumboni, mwezi wa nane, bado nakanyaga. Hujaota hata jino, hospitali ikanunua gari, nikaiegesha."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Uliniuliza lini? Mliiona picha, mkamaliza." Akamgeukia Bi Kengele. "Wote wanne waliniuliza habari za mzee. Nikasema bora iyeyushwe kuliko kwenda kuitwa ya mtu ambaye hakuiweza. Chukua wewe, mwanangu. Wewe umeniona."

Bi Kengele alivimba kichwa, na tusimlaumu. Nani asingevimba? Akaenda kuishika usukani, lakini yule jibaba alimwahi. Alisema ataisukuma yeye mwenyewe mpaka nyumbani kwa Bi Kengele, na hakutaka kusikia neno.

Pale kona kinyozi alitoka na kitana mkononi. "Naona baiskeli ya marehemu mzee ndiyo inaondoka!"

"Ya mama," jibaba alijibu, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Kisha akasimama, akaisimamisha kwa stendi, akasubiri aulizwe zaidi.