Dakika Nne za Kiingereza

Tabasamu langu limeajiriwa. Mkataba unasema mtoto akiingia darasani amkute mwalimu anatabasamu, na meno yaonekane. Basi mimi huyaonyesha, mara saba kila alasiri, tangu saa nane mpaka karibu na saa kumi na mbili, watoto wa watu wakiingia mmoja mmoja kwenye kompyuta yangu kujifunza kuandika na kuzungumza Kiingereza. Akitoka wa saba mashavu yananiuma kama niliyepuliza maputo ya harusi nzima.

Ninafundishia chumbani kwa dada yangu, maana ndicho chumba pekee chenye mlango unaofunga. Nyuma yangu tumetundika shuka jeupe kuficha kabati. Juu nimevaa blauzi ya kola, chini nimevaa gauni la kulalia, na miguu iko kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kwa sababu miaka ishirini na sita ya kusimama mbele ya ubao iliniachia miguu inayovimba. Shule yetu ilipofungwa sikupata nyingine. Wakisoma umri wangu kwenye barua ya maombi, watu hukohoa tu. Kazi hii ya mtandaoni ndiyo iliyonipokea. Dada ni fundi cherehani, na tangu watu wazoee mitumba, wateja wake wamebaki wa kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Kwa hiyo nyumba yote hii, yeye na mimi, inategemea mdomo wangu.

Na mdomo wenyewe umefungwa kamba. Sheria ya kwanza ya kampuni ni Kiingereza kitupu. Neno la Kiswahili likimtoka mwalimu darasani, taa nyekundu inawaka pembeni ya skrini, na rekodi inakwenda kwa msimamizi, kijana mmoja niliyempa jina la Sikio kwa kuwa sijawahi kumwona uso. Onyo la kwanza nililipata siku mende alipokatiza juu ya kitabu changu nikapiga ukelele, "Mama yangu wee!" La pili nililipata kwa hisani ya dada. Nilikuwa katikati ya somo, yeye sebuleni akaanza kuiendesha cherehani yake inayounguruma, nami nikasahau kuzima kipaza sauti: "We dada, hebu niachie hilo lidude!" Taa ikawaka. Sikio akaniandikia mistari miwili: likija la tatu, kazi imekwisha.

"Yaani mtu afukuzwe kwa kuongea na dada yake?" dada aliuliza.

"Kwa kuongea Kiswahili."

"Haya. Siku nyoka akikuuma humo ndani, naomba uniite kwa Kizungu nisielewe."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Sikuwa na nguvu hata za kukasirika.

Mwanafunzi wangu wa sita ni binti wa miaka tisa. Moyoni namwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukauki. Atakueleza paka kafanya nini, mwenzake shuleni kasema nini, kiatu kimepotelea wapi, vyote kwa Kiingereza cha kubahatisha, na ukimkosoa anashukuru kisha anaendelea pale pale. Anaishi na bibi yake. Mama yake ni mpishi katika shule ya bweni ya mbali na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mama huyo ndiye aliyeng'ang'ania mtoto asome Kiingereza. Nilikuwa nimezungumza naye mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa na haraka.

Alhamisi ile Chiriku aliingia kimya. Nikamwonyesha meno, yeye hakunionyesha ya kwake. Nikashukuru, Mungu anisamehe. Nilijiambia, afadhali, leo masikio yatapumzika.

Somo lilikuwa kuandika habari za siku yako. Alianza kuandika polepole, herufi zikiibuka moja moja kwenye skrini: "My grandmother is sleeping since yesterday. I am not make noise."

Kwamba bibi yake amelala tangu jana, naye hapigi kelele. Aliniandikia hivyo, mbele ya macho yangu mawili. Na mimi nilifanya nini? Nilichukua kalamu nyekundu ya kompyuta nikasahihisha kitenzi. Nilimweleza kwamba jambo lililoanza jana na bado linaendelea lina umbo lake kwa Kiingereza. Nikalitamka. Akarudia sentensi nzima, bibi amelala tangu jana, bila kosa hata moja. Nikampa nyota.

Tukaingia kwenye mazungumzo. Nikamuuliza kwa Kiingereza, kama kawaida, kwani bibi hakuamka kunywa chai?

"Yes, teacher."

Hapo ndipo penye balaa. Kwa Waingereza, ukiulizwa hivyo ukajibu yes, umesema aliamka. Kwetu sisi ukisema ndiyo, maana yake ndiyo, hakuamka. Nimepigana na jambo hilo tangu nianze kushika chaki. Chiriku mwenyewe nilimfundisha wiki tatu mpaka akalishika, tena akawa anajivuna nalo. Basi nikaamini analo. Nikasema vizuri sana, nikaendelea. Kichwani kwangu bibi alikwishaamka, akanywa chai yake, akarudi kujinyoosha, wazee si ndivyo walivyo?

Nikamuuliza bibi alikula nini. Akajibu neno moja, kwamba hakuna. Nikamwambia ajibu kwa sentensi kamili. Akajibu kwa sentensi kamili, bibi hakula chochote. Nikampa nyota ya pili.

Alikuwa ananong'ona. Hilo nililiona kwa kuchelewa. Mtoto ambaye kila siku nampunguzia sauti, leo nimeongeza mpaka mwisho, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa pembeni, mlangoni. Nikauliza upya, safari hii moja kwa moja, bila ya kwani wala hakuamka: bibi aliamka leo?

"No, teacher."

Miguu ilitoka kwenye beseni yenyewe, maji yakamwagika sakafuni.

Ningemuuliza pale pale kwa Kiswahili. Maneno mawili tu, anayajua tangu anyonye. Lakini jicho langu lilikwenda kwanza pembeni ya skrini, pale inapowaka taa, ndipo likarudi kwa mtoto. Nasema kweli yangu. Nikamuuliza kwa Kiingereza kama bibi anapumua.

Hakulijua neno. Angelijulia wapi? Nilimfundisha twiga, upinde wa mvua, siku za juma na rangi za maua. Nikaweka mkono kifuani, nikavuta pumzi, nikaitoa, nikasema tena taratibu, "Breathing." Naye, masikini wa Mungu, akafanya kile nilichomzoesha mwaka mzima mwalimu anapotamka neno taratibu. Akaweka mkono kifuani. Akatoa ncha ya ulimi katikati ya meno, kama nilivyomwelekeza. Akarudia, "Breathing."

Alilitamka vizuri kuliko mimi.

Nikatikisa kichwa. No, grandmother. Grandmother, breathing? Akarudia yote kama yalivyo. Nikapuliza kiganjani mwangu, naye akapuliza chake. Nikaliandika neno kwenye skrini, akalinakili chini yake kwa mwandiko safi. Nikatafuta picha, ikaja ya mapafu mekundu, akaitazama akaniuliza kama ni nyama. Mtoto alikuwa ameshaanza kutetemeka mdomo, ananisoma uso, anatafuta jibu nililokuwa nikilitaka. Alidhani nimemkasirikia.

"Mwanangu," nikasema, "bibi anapumua?"

Taa ikawaka.

Uso wote ukamvunjika Chiriku. "Sijui, Mwalimu! Nilimwita akakoroma tu, nikamwita tena hakuitika, na mkono wake mmoja umelegea, nikiuinua unaanguka, nimekaa kimya Mwalimu, sijapiga kelele hata kidogo, tangu asubuhi sijapiga kelele!"

"Beba tableti, nipeleke kwake. Usilie. Haya, lia, lakini tembea."

Nikaona sakafu, nikaona kandambili mbili zimepangwa sawasawa, nikaona blanketi. Mtoto alikuwa amemfunika bibi vizuri mpaka kidevuni. Mdomo wa bibi ulikuwa umekwenda upande. Nikamwambia asogeze tableti kifuani, nikakazia macho mpaka yakaniuma, na blanketi likapanda, likashuka.

"Anapumua," nikamwambia. "Sasa niweke hapo hapo, toka nje, nenda kwa jirani wa karibu. Piga mlango. Piga kelele, mama, kelele zote ulizonazo."

Akaenda. Nikabaki naangalia dari ya watu, nasikiliza ile pumzi nzito, nikihesabu. Nilimsikia Chiriku nje analia, akiita jina la jirani. Kisha sauti ya mwanamume mlangoni, "Bibi! Bibi, unanisikia?" Kisha viti vikasogezwa, mtu akaagiza gari. Hapo muda wa somo ukaisha, skrini ikajifunga yenyewe kama inavyofanya kila siku, na mwanafunzi wa saba akaingia. Nikamwonyesha meno.

Sikio alinipigia jioni ile ile. Nilikuwa nimeshakunja shuka jeupe, najua yaliyonifika.

"Mwalimu, hongera sana," akasema. "Nimesikiliza. Nimempigia mama wa mtoto, jirani amewahi kumfikisha bibi hospitali. Umechukua hatua papo hapo."

"Umesikiliza kuanzia wapi?"

"Pale taa ilipowaka. Mashine hunikatia kipande kuanzia hapo. Onyo nimelifuta. Tena kipande hicho tutawapelekea walimu wote wajifunze."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Nikasema asante.

Baadaye niliifungua rekodi nzima peke yangu. Tangu Chiriku aliposema "No, teacher" mpaka nilipomwita mwanangu, zilipita dakika nne na sekunde kadhaa. Niliziangalia zote. Dada alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Hivi lilikuwa somo gani leo?" akauliza. "Nimesikia bridhin, bridhin, nikadhani unamfundisha wimbo."

"Nilikuwa namuuliza kama bibi yake anapumua."

"Si ungemuuliza tu?"

Kisha akaelewa. Akainama, akachukua beseni, akaenda kumwaga maji.

Mama yake Chiriku alipiga simu Jumamosi asubuhi. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mwalimu, bibi ametutoka. Jana alfajiri."

Nikakaa kitandani. Nikampa pole, nikamuuliza habari za mtoto. Akasema ni kiharusi, kilimpata Jumatano, daktari anakisia jioni ile. Akasema yeye mwenyewe aliwahi kufika, akamshika mama yake mkono ukiwa bado una joto. "Kama si wewe angekufa peke yake na mtoto mle ndani," akasema. "Asante, Mwalimu. Mungu akulipe. Asante sana." Kila asante ilinichoma. Ya pili nikashindwa kuibeba.

"Usinishukuru, mama," nikamwambia. "Nilijua kuna hatari, nikaendelea kumuuliza mtoto kwa Kiingereza. Dakika nne nzima. Kiswahili kingenifukuzisha kazi, nikaogopa. Naomba unisamehe."

Nikadhani amekata, nikaangalia simu, hakuwa amekata.

"Mimi huyo mtoto alinipigia saa moja asubuhi," akasema.

"Alhamisi?"

"Alhamisi hiyo hiyo. Akaniambia, mama, bibi haamki. Nina watoto mia tatu wanasubiri chai, mkuu wa jiko amesimama nyuma yangu, na simu jikoni ni marufuku. Mwezi uliopita kuna mwenzetu ameondolewa kwa ajili ya simu. Nikamwambia, mwache bibi apumzike, usimpigie kelele. Nikazima simu. Nikaiwasha saa kumi na moja." Alipumua kwa nguvu. "Kwa hiyo mimi, Mwalimu, sijui nianze kukusamehe kutokea wapi."

Tulikaa hivyo, watu wazima wawili, kila mmoja na simu yake sikioni. Kwa nyuma nilisikia watu wengi wakiongea kwa sauti za chini, na vyombo, na mtu akiuliza viti vingine viwekwe wapi.

"Chiriku, yaani binti yako, anaendeleaje?" nikauliza tena, maana mwanzo hakunijibu.

"Haongei." Akashusha sauti, nadhani aligeukia ukutani. "Jana usiku kaniuliza kitu kimoja tu. Kaniuliza, mama, ningelijua lile neno la Mwalimu, bibi angepona?"

Nilisimama. Sijui nilisimama niende wapi, chumba chenyewe hatua tatu.

"Ulimjibu nini?"

"Nilishindwa."

"Yuko wapi?"

"Yuko hapa, amenishika gauni."

"Mpe simu," nikasema. "Mpe sasa hivi, mama, mpe niongee naye."