Mchunga wa Ukingoni

Angela alikuwa mgeni wa mchunga, mboga chungu ya majani inayojiotea shambani. Kwao Songea hakuwahi kuula. Alipoolewa Fukayosi na kumkuta mama mkwe wake, Gertruda, hali kitu tangu augue malaria, jirani yake Dija alimwambia, "Mpikie mchunga. Uchungu wake unarudisha hamu ya kula."

Akampeleka ukingoni mwa shamba lake kumwonyesha: jani refu lenye meno kama msumeno, ua dogo la njano, na ukivunja jani, utomvu mweupe kama maziwa. "Usipouona utomvu, usichume," alimsisitiza.

Asubuhi moja Dija alikuwa anakuna nazi, mumewe Shuaibu akarudi shambani na bomba la dawa mgongoni.

"Umepiga dawa wapi?"

"Kwenye mananasi. Na ule ukingo, majani yamezidi."

"Ukingo wenye mchunga?"

Shuaibu akatua bomba polepole. "Nilijua nikikwambia utakataa."

Mkono wa Dija ukasimama juu ya mbuzi. Angela alikuwa amepita njiani yapata saa nzima nyuma, kapu limejaa majani mabichi, akamwambia kwa furaha kwamba leo amechuma peke yake.

Dija akajitanda kanga, akatoka mbio. Shuaibu akaita mara moja, kisha naye akamfuata.

Gertruda alikuwa amekaa mkekani barazani, bakuli mkononi.

"Mama, weka bakuli chini."

Gertruda akamtazama. "Siku hizi huamkii, Dija?"

"Shikamoo mama. Nakuomba, usile tena."

Angela akatoka jikoni. "Kuna nini, dada? Nimekosea? Utomvu niliuona."

"Umechuma wapi?"

"Kwenu, ukingoni, pale uliponionyesha. Kama hukutaka nichume, ungesema."

Dija akageuka. Shuaibu alikuwa amefika, anahema, macho chini.

"Waambie," Dija akasema.

"Nimepiga dawa ya magugu pale," alisema Shuaibu. "Leo alfajiri."

Angela akalinyakua bakuli. Majani yalikuwa nusu, lakini supu haikuwamo tena. Yale maji machungu ambayo wengine huyamwaga, Gertruda mwenyewe alikuwa ameyaomba.

"Ameyanywa yote," Angela akasema.

Wakampakia mama kwenye bodaboda, Angela akimshikilia kwa nyuma, hadi zahanati. Shuaibu alipitia nyumbani kuchukua chupa ya dawa. Muuguzi akaisoma, akauliza kama majani yalioshwa. Yalioshwa, Angela akajibu, tena vizuri. Muuguzi hakusema ni salama wala si salama. Alisema watamwangalia.

Wakangoja. Angela alikaa mwisho wa benchi, mbali na Dija. Ndani, Gertruda alianza kutapika, na kila sauti ile ilipotoka Shuaibu aliinuka, akakaa tena. Adhuhuri ikapita. Alasiri tumbo likatulia, mama akaomba maji, na kesho yake wakamruhusu kurudi nyumbani.

Shuaibu akaenda kumwomba radhi.

"Mimi nimeshapona," Gertruda akamjibu. "Mwombe Angela. Yeye ndiye aliyenilisha kwa mkono wake. Tangu siku ile hata uji ananipa anatetemeka."

Akamwomba. Angela aliitikia kwa kichwa tu. Kwa Dija hakupita tena. Njia ya kisimani akaibadilisha.

Mvua za kwanza zilipoanguka, Dija alikwenda upande wa shamba ambako dawa haikufika, akachimba mizizi ya mchunga, akaikata vipande, akaenda kuifukia nyuma ya jiko la Angela. Hakubisha hodi jikoni. Alimwamkia mama tu, akainama na jembe lake. Angela alisimama mlangoni akimtazama kwa muda mrefu. Mwishowe akaleta ndoo ya maji.

"Nimwagilie kila siku?"

"Mpaka uchipue. Ukishashika, chuma majani, mzizi uuache. Utakuwa unarudi wenyewe mwaka hadi mwaka. Hapa hapigi mtu dawa."

"Hapa hapigi," Angela akarudia.

Ulipochipua na kushiba, Angela aliupika kwa tui. Akapakua bakuli la kwanza, akalila yeye mwenyewe lote, kisha akakaa. Gertruda alilalamika kwamba ananusa chakula na hapewi. Angela hakuinuka. Ilipofika jioni, akiwa hajasikia chochote tumboni, ndipo alipompakulia mama.