Mji Nilioutoa Usiku wa Sanaa

Sijui usingizi unanichukulia wapi. Nadhani ni pale kwenye ngazi za jukwaa la tatu, mwenzetu Shomari amekwenda kupanga foleni ya mishikaki, na rafiki yangu Bupe anaangalia saa kwa mara ya kumi akisema, Salha, mimi niondoke. Ni Usiku wa Sanaa, katikati ya Dar es Salaam, mitaa imefungwa magari hayapiti, kila ukuta una picha na kila kona ina mtu anayeimba, na Bupe hajatoka kutembea tangu ajifungue. Mwanawe Ipyana ana miezi minne, yuko kwa bibi yake Kijitonyama, na saa tisa ni lazima mama awe amerudi kumnyonyesha. Mimi ndiye niliyembembeleza aje. Kidogo tu, namwambia, tuone na hapa, na namvuta mkono kupita kwenye pazia la vioo ambalo wasanii wamelitundika katikati ya barabara, na nikishapita tu najua kwamba nimelala, na najua pia kwamba Bupe yuko macho, naye yumo humu humu.

Upande wa pili kuna barabara, na mwisho wa barabara kuna mji, na tukiukaribia mji unakuwa kioo chenye barabara nyingine ndani yake. Ngoma zinasikika nyuma yetu, tukigeuka zinasikika mbele. Bupe anauliza njia ya kutokea iko wapi, nami namjibu kwa uhakika nisio nao, kama kawaida yangu, ni hapo tu mbele, na tunapita duka lile lile la viatu mara tatu. Ndipo anatokea mhudumu wa tamasha, fulana ya njano, kadi shingoni, na uso hana, pale penye uso pamekuwa laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Samahani kaka, tunatokea wapi? Haonyeshi kokote. Anasema, kitendawili. Na mimi, badala ya kunyamaza, naitikia, tega. Mdomo wangu siku zote unanitangulia, lakini pia nani kwetu atategewa kitendawili asiitikie? Wote hupita kwangu, anasema, hakuna anayelala kwangu. Kituo cha basi, nasema. Siyo. Nipe mji, anasema, na ndiyo desturi, ukishindwa unatoa mji, basi nampa Morogoro, nikicheka. Nimekwenda Morogoro, anasema, wamenichinjia mbuzi, wamenipa kiti, na jibu ni barabara. Najaribu kuikumbuka Morogoro, nilikosoma miaka miwili, naona milima inafutika kama chaki ubaoni, halafu sioni kitu.

Bupe ananifinya. Usicheze naye, Salha. Kitendawili, anasema mhudumu, na mimi, tega. Kila mtu anao, hakuna aliyewahi kuuona wake mwenyewe kwa macho yake. Moyo. Siyo. Utumbo. Siyo. Nipe mji. Usitoe, anasema Bupe, lakini mimi nimekulia Tanga, uwanjani pale shuleni mtoto aliyetoa kijiji alichekwa mpaka kengele ilie, tulikuwa tunatoa mji mkubwa kuliko yote ili mtegaji afurahi, na kabla sijafikiri nimeshasema, nakupa Dar es Salaam! Jibu ni uso, anasema. Vibao vyote vya barabara vinabaki vyeupe. Bupe anapiga simu kwa mama yake, namba haipo, jina halipo, na maziwa yameanza kumchuruzika, blauzi imeloa pande zote mbili. Salha, anasema taratibu, umetoa mji alimo mwanangu. Hana hasira, na hilo ndilo linaloniumiza. Naona aibu.

Zamu yetu sasa, namwambia mhudumu, nikijitia ujasiri, ukishindwa unaurudisha. Tega, anasema. Nyumba yangu haina mlango. Yai. Kuku wangu katagia miibani. Nanasi. Natega vyote nilivyofundishwa na bibi na vyote vya vitabuni, anajibu sijafika mwisho, na maghorofa yanasogea, barabara inazidi kuwa nyembamba, sasa tunasimama ubavu kwa ubavu na vioo vinatugusa mabega. Nataka kulia. Bupe ananisogeza kando. Kitendawili, anasema. Tega. Akiniita hajui jina langu, nikiwa mbali simsikii, lakini mwili wangu unamwitikia kabla yangu. Mhudumu anainamisha kichwa chake kisicho na uso, anarudi nyuma hatua moja. Sijui, anasema. Nipe mji, anasema Bupe. Nakupa Dar es Salaam. Ni wako wewe uliyetega, si wa mwenzako.

Kioo kinafunguka, nasikia pikipiki, nasikia mbwa, nasikia mtoto analia, na hilo ndilo jibu. Bupe anapita, ananishika mkono anivute, mkono wake unapita na wangu unagonga kioo. Salha! Ninachotaka kusema ni usiniache. Nenda, namwambia, mtoto analia, nenda. Anakimbia, viatu mkononi, hageuki, na namshukuru Mungu kwamba hageuki. Kitendawili, anasema yule nyuma yangu. Najiziba mdomo kwa mikono miwili. Tega, nasikia sauti yangu ikisema.

We Salha, amka, kumekucha. Ni Shomari, ananitikisa, niko kwenye ngazi za jukwaa, wafagiaji wanakusanya chupa. Bupe? Aliondoka saa nane na nusu, anasema, alikuamsha ukagoma, kapiga simu sasa hivi, mtoto kashiba kalala. Nafurahi mpaka machozi yananitoka, Shomari ananiuliza, kwani vipi wewe, namwambia hakuna. Ananifuata mpaka kwenye bajaji. Haya dada, wapi, anauliza dereva bila kugeuka. Nafungua mdomo. Najua kwetu mlango ni wa bluu. Najua mama ameshainjika chai. Natafuta jina la mahali, lolote, naona peupe. Nipe mtaa basi, anasema dereva, na Shomari anacheka, akidhani natania.