Santuri Iliyokimbizwa

Attracta Considine hakuwa mtu wa kumeza neno, na Jumamosi ile ukumbi mzima wa parokia, huko Clare, ulilijua hilo upya. Bwana Fiachra wa maktaba ya sauti alikuwa ametoka Dublin na mtambo wake, kuwasikilizisha wenyeji santuri za zamani za wapiga zumari la kiwiko, lile linalojazwa pumzi kwa mvukuto badala ya mdomo, kabla hazijatolewa upya. Santuri ya nne, ya mwaka 1951, haikuwa na jina la mpigaji. Wataalamu wa maktaba wakaipa: Lorcan Tuohy.

"Uongo!" Attracta alisimama, kikombe cha chai mkononi. "Huyo ni baba yangu, Murty! Sikilizeni anavyoliinua zumari gotini, linabweka kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Nani mwingine alipiga hivyo?"

Colm Tuohy, mtoto wa kaka yake Lorcan, akacheka. "Dada, zumari la baba yako lilinguruma kama ng'ombe mwenye mimba. Hili ni la sauti ya juu. Enzi hizo nani hapa alikuwa nalo, kama si ami yangu?"

"Tena mwishoni kuna sauti ya mwanamke," Fiachra alisema kwa upole. "Tunadhani ni Bi Tuohy, mkewe Lorcan. Samahani, mama. Jumatatu majalada yanakwenda kuchapwa."

Attracta akakaa. Murty alirekodiwa mara moja tu, jikoni kwake, kisha akafa binti yake akiwa na miaka kumi na miwili. Santuri hii ikienda na jina la Tuohy, Murty atabakiwa na kaburi tu.

Fiachra akaipiga tena. Bibi Dympna Hehir, mchezaji wa tangu zamani, akainuka kucheza, akajikwaa, akaghadhibika. "Jamani, mbona anatukimbiza? Hata mashetani hawachezi hivi!"

Attracta akaruka kitini. Alifungua sanduku alilokuja nalo, akatoa zumari la baba yake, akajifunga mvukuto chini ya kiwiko.

"Bwana Fiachra, mwendo wa santuri hii mliupataje?"

Fiachra akakuna kichwa. "Tuliuongeza kidogo, sauti ikapanda mpaka zumari likalingana na yale ya siku hizi."

"Mkamkimbiza marehemu! Haya, punguza. Punguza mpaka unikute."

Akapiga wimbo uleule. Fiachra akazungusha kitufe. Sauti ya santuri ikashuka, ikashuka, mpaka mazumari mawili yakawa kitu kimoja, kubweka kwake na kila kitu. Bibi Dympna alicheza bila kukosea hatua. Wimbo ukaisha, na yule "mwanamke" akasema, kwa sauti nzito ya kiume:

"Attracta! Umewaachia tena kuku wakaingia!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na vifijo. Colm akavua kofia. "Yaishe, dada. Ami hakuwahi kufuga kuku."

Attracta alicheka huku machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta. Miaka arobaini na zaidi alikuwa akiitafuta sauti ile kichwani asiipate, na sasa imemgombeza mbele ya watu wote. Alijiona tajiri.

Fiachra alifuta jina la Tuohy, akasubiri na kalamu yake. "Niandike nini, mama?"

"Murty Considine, zumari," alisema Attracta. "Na kuku wangu usiwakate santurini."