Kesho Ziwa Linafunguliwa

Ujiji nzima ilikuwa inaomba ziwa lifunguliwe. Mimi peke yangu, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba lisifunguliwe. Kwa miezi mitatu serikali ililipumzisha ziwa ili samaki wazaliane, dagaa wakaadimika sokoni Mwanga, watu wakashindia mihogo, nami nikapata mume wa kukaa naye nyumbani kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Miaka minane! Mke wa mvuvi wa dagaa hana mume, ana mgeni wa mbalamwezi. Mwezi ukiwaka taa zao hazivuti dagaa, basi Swaibu wangu anarudi, anashona nyavu, anakula. Giza likirudi, naye huyo anaondoka.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho. Kesho yake mitumbwi ingerudi majini, na mimi nilikuwa na neno la kumwambia kabla ya hapo. Kaka yangu Khalfani ana duka la vifaa vya ujenzi Mwanga, na alitaka mtu wa kusimamia stoo, mtu wa nyumbani asiyeiba misumari. "Muulize shemeji," aliniambia. "Nipe jibu leo, la sivyo kesho namchukua mwingine."

Nimuulizie wapi? Nyumba yetu ya Buzebazeba ina mama mkwe, mawifi wawili na watoto, na kuta zake zina masikio kuliko wenyewe. Mama mkwe akisikia nataka kumtoa mwanawe ziwani, mwana wa mvuvi na mjukuu wa mvuvi, ningelala barazani.

Ndipo nikaikumbuka ile bembea. Nilikuwa nimeikuta kwenye mitumba ya Yasmini pale Mwanga, kitambaa chepesi cha kijani kimekunjwa kwenye kimfuko kidogo kama mkate. Yasmini alidhani ni mwavuli uliokosa vyuma. Tukaangalia kwenye simu, kumbe wazungu huifunga kwenye miti miwili porini wakalala humo. Nikamwambia mume wangu twende tukaijaribu.

"Tukalale mitini, Mama Shani? Sisi sokwe?"

"Twende tu, Baba Shani. Kesho huna nafasi."

Tukapanda kilima nyuma ya Kibirizi mpaka kwenye miyombo ambayo wachoma mkaa hawajaifikia. Nikachagua miti miwili inayotazama bonde, ziwa likiwa mgongoni kwetu. Sikuichagua hivi hivi.

Swaibu hakutaka niguse kamba. Alifunga kama anayefunga mtumbwi siku ya upepo, akavuta mpaka kitambaa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Nikamwambia ile ya kwenye simu ilibonyea katikati. Akasema kamba iliyolegea ni ya mtu mvivu. Haya, mjuzi. Akapanda, bembea ikageuka, ikammwaga kwenye majani makavu. Akapanda tena, ikamtupa upande wa pili. Nilicheka mpaka nikashikilia mti.

Mama mmoja alipita na mzigo wa kuni kichwani, akasimama akatutazama kwa huruma. Huku milimani mgonjwa hubebwa kwenye machela hadi barabarani, naye alidhani tunatengeneza machela.

"Poleni wanangu. Mgonjwa yuko wapi?"

"Ndiye huyu, mama," nikasema. "Anaumwa ubishi."

Alipoondoka nilizifungua kamba mwenyewe, nikazilegeza, bembea ikabonyea inavyotakiwa. Swaibu akaguna. Akaingia kwanza, mimi nikajisukumiza ubavuni kwake, kitambaa kikatubana pamoja, kichwa changu kikaangukia kifuani kwake. Eh, jamani! Nilikuwa nimemtamani mtu huyu miaka minane, pamoja na ile miezi mitatu. Nisidanganye, alikuwa nyumbani lakini hakulala. Mwili wa mvuvi haujui usiku wa kulala. Kila usiku aliinuka akaenda kukaa barazani, akitazama giza upande wa maji mpaka alfajiri, na mchana akasinzia kitini kwa vipande vipande, macho mekundu. Mimi nililala na mto. Nilikuwa na mume nyumbani na bado nilimkumbuka.

Nikakohoa. "Baba Shani, nina neno."

"Sema."

Upepo ulikuwa unatoka ziwani, ukatuyumbisha taratibu. Nikaanzia mbali, kama tulivyofundwa: watoto wanakua, sisi hatuwi vijana, jirani yetu Samson alizama na hadi leo mwili wake haujaonekana. Nikamfikia kaka Khalfani na stoo yake. "Sasa unaonaje?" nikauliza.

Nikainua kichwa. Mume wangu alikuwa amelala. Si kusinzia, amelala hasa, mdomo wazi, mkono wake mzito mgongoni mwangu. Tangu ziwa lifungwe sikuwa nimemwona katika usingizi wa namna hiyo. Nilijua papo hapo kwa nini, na ikaniuma. Kitanda changu cha mninga kimetulia tuli, hakikumpa usingizi hata siku moja. Alitaka kitu kinachoyumba.

Upepo ukapungua, bembea ikaanza kutulia. Uso wake ukakunjamana, kope zikacheza. Ningemwacha aamke ningemuuliza tena, naye angekubali, namjua. Angekubali kwa ajili yangu, ashinde anahesabu mabati Mwanga na kukesha barazani mpaka uzee. Nikashusha mguu mmoja, nikaisukuma ardhi kwa kidole gumba. Bembea ikayumba. Akashusha pumzi, akaendelea kulala.

Nilisukuma mpaka mguu ukafa ganzi. Alipofumbua macho jua lilikuwa limeinama.

"Ulikuwa unasema nini?" akauliza.

"Nilisema tuje tena mbalamwezi ijayo."

"Tutakuja," akasema, akajinyoosha kama mtu aliyetoka safari.

Tulipoteremka alitangulia Kibirizi kuutazama mtumbwi wake. Alitembea haraka, na nilimtazama mpaka alipopotea kwenye kona. Kisha nikampigia Khalfani, nikamwambia atafute mtu mwingine.

"Kwani shemeji amekataa?"

"Amekataa," nikasema.